Rutamba: kijiji cha ziwani kilichopokea wageni

Jumatatu, Lindi mjini

Basi la alfajiri kutoka Mtwara liliingia Lindi jua halijakolea. Enzi za Mwingereza mji huu ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 nafasi hiyo ilipohamia Mtwara. Mpaka leo una utulivu wa mji uliowahi kubeba mambo makubwa: ghuba pana, mdomo wa Mto Lukuledi, nyumba za mawe karibu na bandari, na Kitunda ng'ambo ya maji. Wanaokuja kwa ajili ya historia huulizia Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria. Wapagazi waliibeba vichwani hadi bandarini hapa, safari ya siku kadhaa kwa miguu, na leo dinosaria mmoja wa Tendaguru amesimama katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wengine huulizia Kilwa. Mimi nilikuwa naulizia gari la Rutamba.

Nafundisha historia. Kila mwaka tukifika kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika, wanafunzi wanakariri Kongwa, Nachingwea, Mazimbu na Dakawa, kambi na makazi ya wapigania uhuru hapa nchini. Ni majina yanayostahili kukaririwa. Lakini wapiganaji walikuwa na mama zao, watoto wao na wazee wao, na hao nao walipaswa kulala mahali, kula na kulima. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na vijiji ambavyo mtihani hauviulizi. Rutamba ni kimojawapo. Katikati ya miaka ya 1960 palifunguliwa hapo makazi ya wakimbizi kutoka Msumbiji, mojawapo ya makazi ya kwanza ya aina hiyo huku kusini. Nilitaka kusikia habari hizo kwa wenyewe kabla hawajatutoka.

Jioni nilikula wali kwa samaki karibu na stendi, nikalala mapema.

Jumanne, njiani

Gari la Rutamba haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Lilijaa: madumu ya mafuta, mabati, mfuko wa chumvi, pampu ya kupulizia mikorosho, na akina mama waliokuja mjini jana yake kupeleka wagonjwa. Tulipita Ngongo, penye viwanja vya Nane Nane vya Kanda ya Kusini, kisha vumbi likaanza na mikorosho ikatuzunguka pande zote. Ilikuwa Oktoba. Mabibo yalikuwa yameanza kuwa mekundu na ya njano, na harufu yake tamu yenye ukali ilikuwa ikiingia dirishani kila gari lilipopunguza mwendo.

Bibi niliyekaa naye alinisalimia, akaniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Ndivyo mgeni anavyoulizwa huku. Unakokwenda kila mtu anakujua, kwa sababu gari lina mwisho mmoja. Linalotafutwa ni mtu wako. Nikamtajia mwenyeji wangu, mjomba wa rafiki yangu wa kazini. Akamtaja mama yake mzazi, na mama wa mama yake, na kijiji alikozaliwa huyo wa pili. Wamwera hufuata ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya ardhi na ndoa za wapwa zake, ingawa siku hizi uzito huo umepungua. Alipomaliza kuupanga ukoo, nilikuwa nimeshapata nafasi yangu ndani yake.

Akafungua kifurushi cha jani la mgomba, ndani kukiwa na ming'oko. Kwa asiyejua, ming'oko ni viazi vya porini vyembamba na virefu, huchimbwa msituni wakati wa kiangazi na kuchemshwa kwa chumvi. Unabandua ganda kwa kucha, unachovya kwenye pilipili iliyopondwa na ndimu, unauma nyama yake na kuvuta, na nyuzi za katikati zinabaki mkononi. Ladha yake iko kati ya muhogo na kiazi kikuu. Kwa familia nyingi za huku ni chakula cha miezi ambayo ghala limeisha na shamba jipya halijatoa. Nimewahi kuona watu wa mbali wakiviita chakula cha shida, na naona wanakosea. Mtu anayejua ming'oko inakoota, namna ya kuifuata ardhini bila kuikata na kipande cha kuacha ili iote tena, ana elimu kamili.

Tulifika mchana. Kabla ya kunywa maji mjomba alinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, nikasaini kitabu cha wageni na kueleza shida iliyonileta. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wazee watataarifiwa, na kwamba kesho nianze na ziwa.

Jumatano, ziwani

Ziwa Rutamba si kubwa. Mwenye macho mazuri anauona moshi wa jiko ng'ambo. Kingo zake zina matete, maji ya karibu yamefunikwa na mayungiyungi, na hapa na pale pameachwa uwazi wa kupitisha mitumbwi. Ramani za zamani ziliandika Lutamba, na kwa jina hilo ziwa hili linajulikana kwa wanabotania kuliko kwa Watanzania wengi. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikaa maeneo haya akikusanya mimea, na sampuli zake zenye jina la ziwa zimehifadhiwa Ulaya, zikiwemo za mimea ambayo sayansi ilikuwa haijaieleza. Kuna mti mmoja wa miiba na maua mekundu, Erythrina schliebenii, uliopewa jina lake. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani, kisha ukaonekana tena katika misitu ya wilaya ya Kilwa. Waliomwongoza Schlieben porini, waliomwambia huu ni mti gani na unatibu nini, majina yao hayako kwenye lebo zile.

Wavuvi wawili walinichukua kwenye mtumbwi wa gogo, mmoja akisukuma kwa pondo, mwingine akiinua nyavu za usiku. Alivuta kamba taratibu akiikunja miguuni. Kila samaki alipojitokeza alimwingiza kidole gumba chini ya shavu, akamgeuza kidogo, akamtoa kwenye jicho la wavu bila kukata hata uzi mmoja. Perege wengi walikuwa wadogo wa kiganja, na kambale mmoja alijaa mkono mzima. Wavu ulipokuwa umetoboka alifunga fundo hapohapo kwa meno.

Perege hawa wana habari kubwa. Katika Ziwa Rutamba na maziwa jirani ya Nambawala na Mitupa yupo perege wa asili anayeitwa Oreochromis korogwe. Ndugu zake wengine wako kaskazini, upande wa Korogwe na Pangani, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Katikati hayupo. Watafiti waliochunguza vinasaba vyao wamekuta wa kusini wamejitenga kwa muda mrefu sana. Wamekuta pia kwamba samaki wa kupandikizwa, akiwemo sato, wanachanganyika uzazi na wa asili. Ukipanda sato ziwani kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, baada ya vizazi kadhaa unaweza kumpoteza perege ambaye Mungu alimweka hapa na mahali pengine pachache tu.

Nilimweleza mvuvi wa pondo. Alisikiliza, akachagua samaki wawili ndooni, akawaweka sambamba kwenye ubao wa mtumbwi. "Huyu wa zamani, huyu mgeni," akasema. Akanionesha mkia, akanionesha rangi ya kidevu. Kisha akachukua wa tatu. "Huyu sasa sijui ni wa nani." Wavuvi walikuwa wameshaona kwa macho yao. Kilichobaki ni mtu wa ofisi kuja kukaa nao wapange, kwa sababu ziwa dogo halina pa kujificha: kosa la msimu mmoja wa kokoro au nyavu za macho madogo linaonekana sahanini mwaka unaofuata.

Akina mama walikuwa wakisubiri ufukoni na ndoo. Samaki waligawanywa kwa mafungu, kidogo kikaenda kwa wazee wasio na mvuvi nyumbani, na waliobaki wakapelekwa kwenye vichanja vya kukaushia kwa moshi.

Alhamisi, kwa wazee

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Asubuhi nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Kimakonde, na mkononi nilikuwa na kilo ya sukari na majani ya chai. Alikuwa kwenye mkeka chini ya mwembe, anabangua korosho za kula nyumbani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, pita ukae." Usoni ana nembo za kuchanjwa, mistari iliyopangwa kwa pembe kuanzia kwenye paji hadi mashavuni. Mdomo wake wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha pambo la mdomo. Ndonya yenyewe aliiacha zamani, na mdomo umejivuta, lakini akicheka unaliona.

Alizaliwa uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1960, tarehe 16 Juni, Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Yeye hakuwepo uwanjani, ila ndugu wa mume wake walikuwepo, na tangu siku hiyo, anasema, hakuna aliyelala akiwa amevua nguo za safari. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962, kilianza vita vya silaha tarehe 25 Septemba 1964. Jeshi la Ureno lilijibu kwa kuviandama vijiji. Watu wa Cabo Delgado, jimbo ilimo Mueda, walivuka Mto Ruvuma kwa maelfu, usiku, kwa mitumbwi, na pale maji yalipokuwa machache kwa miguu. Yeye alivuka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mume alibaki upande wa pili na wapiganaji.

Serikali ya Tanzania haikutaka wakimbizi wakae mpakani, ambako ndege na doria za Wareno zingewafikia. Wakasogezwa ndani. Utaratibu wa makazi kama Rutamba ulikuwa huu: familia inapewa eneo, inafyeka, inajenga, inapewa chakula cha msaada mpaka ivune, kisha ijitegemee. Waliosimamia ni serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika ya makanisa. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Ambayo hayakuandikwa bibi aliyasema akiwa amegeukia upande wa nyumba za majirani zake Wamwera. Unga wa msaada ulikuja, lakini pingili za muhogo hazikuja na gari. Zilitoka kwa wenyeji. Walikata mihogo yao, wakawafungia mizigo ya pingili, wakawaonesha udongo upi unashika maji na upi unaozesha mizizi. Mama mmoja wa Kimwera, ambaye sasa ni marehemu, alimchukua mtoto wa bibi aliyekuwa na homa akamlaza nyumbani kwake mpaka akapona. Mtoto huyo leo ana wajukuu, na mmoja wao alikuwa pale ananawisha mikono yetu.

Mchana nikakaa na mzee wa Kimwera, kwa sababu habari ya upande mmoja haitoshi. Yeye hakupaka sukari. Alisema ugomvi ulikuwepo. Mashamba ya mapumziko, ambayo mgeni aliyaona ni pori tu, yalikuwa na wenyewe. Misitu ilifyekwa kwa haraka. Kuna mahali ambapo palikuwa na makaburi ya ukoo wake na pakalimwa, wazee wakalazimika kukaa vikao kutwa nzima hadi pakaachwa. "Tulisogea," akasema. "Si kwa kupenda wote, lakini tulisogea." Nililiheshimu jibu hilo kuliko sifa zote ambazo angeweza kunipa. Ukarimu wa mtu mwenye ardhi tele ni rahisi. Hawa waligawana mashamba ambayo watoto wao wangeyahitaji.

Kisha, kabla mambo hayajatulia vizuri, vikaja vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Lindi wenyewe ulizaliwa mwaka 1971 kwa kumegwa kutoka Mtwara, na huku kusini watu waliwekwa kwenye vijiji mapema, sababu mojawapo ikiwa ulinzi wa mpaka. Mwaka 1973 TANU ikaagiza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi kijijini. Mzee anakumbuka wenyeji wakihama kutoka kwenye mashamba ya mbali na kuja kujenga kwa mstari kama wakimbizi walivyojenga kabla yao. Hapo, anasema, ndipo wote walipokuwa wageni, na ndipo kweli walipoanza kuoana.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wengi walirudi kwao, wakiimba. Wengine walikuwa wameshapanda mikorosho, wameshaozesha, wameshazika wazazi hapa, hao walibaki. Wapo waliorudi Msumbiji wakakutana na vita vya waasi wa RENAMO, vilivyodumu hadi 1992, na ndugu zao wa Rutamba wakawapokea mara ya pili. Bibi alikwenda Mueda kutazama, akarudi. Mume wake hakuonekana tena baada ya 1968. Hana kaburi lake, hana hata tarehe. Alinieleza hivyo huku mikono ikiendelea na korosho, ganda huku, kiini kule.

Nchi yetu ina programu ya kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba isiishie kwenye kambi za wapiganaji na ofisi za vyama. Shamba la muhogo lililotoa pingili ni sehemu ya vita ile. Mama aliyelaza mtoto wa mgeni ni sehemu ya vita ile. Hao hawana medali, na waliobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Ijumaa

Kijiji kilitulia kwa swala. Wenyeji wengi ni Waislamu, na familia nyingi zilizotoka Msumbiji ni Wakatoliki, kwa hiyo leo wa kanisani walishika kazi za ziwani na wa msikitini wakapumzika. Hakuna aliyetangaza utaratibu huo, upo tu.

Jioni mjomba alinipeleka ukingoni mwa msitu wa hifadhi wa Litipo. Ni msitu mdogo, kiasi cha hekta 1,000, mabaki ya misitu ya pwani iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya nchi hii. Humo anaishi komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda ulioko magharibi ya hapa. Kitaalamu alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 1996. Uzito wake ni kama gramu 60, na mkia wake ni kama brashi ya kusafishia chupa. Anapatikana Tanzania tu, katika vipande vichache vya msitu wa pwani, na yuko hatarini kutoweka. Hatukumwona. Tulisikia milio ya komba juu ya miti, na mjomba, aliyekulia hapa, alitenganisha kwa sikio komba wakubwa na wale wadogo. Njiani kurudi tulipita matanuru mawili ya mkaa, moja bado lina joto. Mjomba hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akasema mwenye tanuru anamjua, na kesho ataongea na mjomba wa huyo kijana.

Jumamosi

Siku ya korosho. Nilifuatana na watoto wa nyumba kuokota chini ya miti: unainua bibo, unanyonga korosho na kuitoa, bibo unalitupa kwenye rundo. Korosho huanikwa juani, huchambuliwa, hupelekwa chama cha msingi, na kuuzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho msimu wa 2007. Mazungumzo yote ya mchana yalikuwa bei. Mwenye mti ni nani lilikuwa swali la pili. Mikorosho mingine ilipandwa na wakimbizi kwenye ardhi ya ukoo wa kienyeji, na mpaka leo pana watu wanaovuna mti bila kuwa na haki ya kuuza shamba. Kila upande unaheshimu hivyo, ingawa vijana wameanza kuuliza karatasi iko wapi. Mjomba anadhani kijiji kipime mashamba na kutoa hati za kimila wakati wazee wanaojua mipaka wako hai. Naona ana haki kabisa, maana mpaka unaokumbukwa na mtu mmoja hufa naye.

Jumapili

Baada ya misa wazee walikusanyika kwenye baraza ya mwenyekiti, Wamwera na Wamakonde, na mwalimu wa historia wa shuleni hapo alikuja na daftari jipya. Tulizungumza nini kiandikwe. Walitaka vitu vitatu: majina ya waliotoa ardhi, majina ya waliozikwa hapa wakiwa wakimbizi, na mahali lilipokuwa kila eneo la zamani kabla ya vijiji vya ujamaa. Pakatokea mabishano kuhusu kisima, kama kilichimbwa na wakimbizi au kilikuwepo. Kila mzee alikuwa na hoja. Mwalimu akaandika kauli zote mbili na majina ya wasemaji.

Mzee wa Kimwera alitaka ugomvi wa makaburi uandikwe pia, usifichwe. Bibi alikubaliana naye. Yeye akaomba jina la mume wake liwekwe, pamoja na mwaka 1968.

Wanafunzi wa darasa la sita wataanza kupita nyumba kwa nyumba wakati wa likizo ya Desemba, wawili wawili, mmoja mwenye asili ya huku na mmoja mwenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma. Mwalimu ameamua waanze na bibi, kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote, na kwa sababu mvua zikishika atahamia shambani kwa mwanawe na itakuwa vigumu kumpata.